Kulitayarisha Gari la Kulala kwa Joto na Chumvi ya Malindi

Maelezo mengi ninayosoma kuhusu magari ya kulala ndani yameandikwa na watu wanaopambana na baridi, ambao huziba kila upenyo, hujaza sufi kwenye kuta na kufunga kifaa cha kupasha joto. Sisi wa Malindi tuna maadui wengine kabisa, nao ni joto na hewa ya chumvi. Kwa hiyo HiAce yangu, iliyokuwa matatu kabla sijainunua, nimeitengeneza kwa kufuata nyumba za kale za Waswahili kuliko vielelezo vya Ulaya. Nyumba hizo zilijengwa ili upepo uingie huku na kutokea kule, na hilo ndilo sharti nililompa fundi seremala kabla hajakata ubao wa kwanza: gari hili lazima lipumue.

Kitanda ndicho kilichonishughulisha zaidi. Godoro likitandikwa juu ya ubao mtupu, jasho la mlalaji hupenya hadi chini na kukosa pa kutokea, na kwa unyevu wa pwani yetu ukungu huota upesi sana. Wengi hulitatua jambo hili kwa chaga zilizoachana. Mimi niliomba kitanda kiwambwe kwa kamba, kama vile vya bibi zetu. Mifumbati yake, yaani mbao za pembeni, ni ya mbambakofi, ikashikizwa kwenye mbavu za gari, na kamba ya makumbi ya nazi ikawambwa kati yake na mzee mmoja ambaye bado anaifanya kazi hiyo kwa mkono, tena kwa utaratibu unaopendeza kuutazama. Hewa hupita chini ya mlalaji usiku kucha. Kamba ikilegea hukazwa tena bila kubomoa chochote, na kitanda chenyewe ni chepesi kuliko cha mbao tupu. Naamini hakuna kifaa cha dukani kinachofaa zaidi kwa hali yetu ya hewa, na ningesikitika kuona ufundi huo ukitoweka.

Mbambakofi ni mti mzito, na siku hizi ni adimu, kwa hiyo nimeutumia pale tu mkono unapogusa kila siku, yaani mifumbati na meza, tena kwa mbao kuukuu. Makabati yote ni ya plaiwudi nyepesi iliyopakwa vanishi pande zote, pamoja na kingo, kwa kuwa unyevu huanzia kwenye kingo zisizopakwa. Badala ya rafu ndefu kando ya kitanda, seremala alinitengenezea zidaka, vishimo vidogo kama vile vya kuta za nyumba za Lamu, na kila kimoja kina ukingo wa mbele unaozuia vitu visianguke gari linaporuka kwenye mashimo. Ninapotazama zidaka hizo huliona gari kuwa langu, si chombo cha mtu yeyote. Mapazia ni leso, kwa sababu hufulika na kukauka haraka.

Kutu inahitaji umakini wa peke yake. Kila tundu linalotobolewa kwenye bati lipakwe rangi kabla ya skrubu kuingia, kisha lizibwe kwa gundi ya silikoni. Skrubu za stenlesi ni lazima, lakini zikigusana moja kwa moja na alumini katika hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo weka washa ya plastiki katikati. Baada ya kupita ufukweni, uvungu wa gari uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kuhusu umeme, hesabu itangulie ununuzi. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa hula takriban wati 45 inapozunguka, na kwa joto letu inaweza kuzunguka karibu nusu ya siku, yaani zaidi ya wati-saa 500 kwa saa 24. Betri ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 100 huhifadhi takriban wati-saa 1,280, na sehemu kubwa yake hutumika bila madhara. Ile ya asidi yenye ukubwa huo haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu. Paneli ya sola ya wati 200 inatosha kwa matumizi haya jua likiwa zuri. Iinue sentimita chache juu ya paa, kwa kuwa paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata joto, nayo paneli hulitia paa kivuli. Betri nayo iwekwe nyuma. Injini ya HiAce imekaa chini ya viti vya mbele, na joto lake hubaki pale muda mrefu baada ya kuzimwa, nalo joto hufupisha maisha ya betri. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri. Usimkubalie fundi waya anayekuambia ataiweka baadaye.

Kwa kupikia natumia meko ya gesi ya kilo 6, na napika nje chini ya turubai. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi lina tundu la kupitishia hewa chini kabisa.

Maji nayabeba kwa madumu ya lita 20, ambayo hujazwa popote, iwe ni Mambrui, Marafa au njia ya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki. Kwa safari ya Lamu gari huishia Mokowe, na kuanzia hapo ni boti, kwa hiyo nimefunga komeo la ndani kwenye mlango wa nyuma na kabati moja la chuma chini ya kitanda, ambamo vitu vya thamani hubaki kwa usalama gari linapoegeshwa bandarini.