Seli nywele za sikio: mlango unaofunguliwa kwa kuvutwa uzi

Jicho lina muda. Mwanga ukifika kwenye seli yake, kemikali hupokezana kazi kwanza, na makumi ya milisekunde hupita kabla umeme haujabadilika vya kutosha. Sikio halina nafasi hiyo: sauti ya hezi 10,000 hutikisika mara 10,000 kwa sekunde. Nguvu ya sauti yenyewe ndiyo ifungue mlango wa seli, bila tarishi katikati.

Koklea ya binadamu, sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, ina seli nywele (seli zinazopokea sauti) za ndani takriban 3,500 na za nje kama 12,000. Juu ya kila seli kuna kishada cha vinywele vilivyopangwa kama ngazi, vifupi hadi virefu. Ncha ya kinywele kifupi imefungwa kwenye ubavu wa jirani yake mrefu kwa uzi wa protini mbili: kadherini-23 juu, protokadherini-15 chini. Mlango uko mwisho wa chini wa uzi, na protini TMC1 ni sehemu yake kuu. Kishada kikiinamia upande wa virefu, uzi hukaza na mlango hufunguka. Kikiinama kinyume, hujifunga. Kikisukumwa kwa ubavu, hakuna kinachotokea. Hata pakiwa kimya baadhi ya milango hukaa wazi, na wala si kasoro: bila hiyo nusu ya pili ya wimbi isingesikika.

Kinachoingia ni potasiamu, jambo linalowachanganya waliozoea kwamba kwenye neva huingia sodiamu. Majimaji yaliyo juu ya seli, yanayozunguka vinywele, yamejaa potasiamu na yana milivolti +80 hivi. Ndani ya seli ni kama -50. Tofauti ya 130! Anayeipandisha chaji hiyo ni stria, tishu yenye mishipa ya damu kwenye ukuta wa koklea. Seli nywele inafungua mlango tu. Umeme wake ukipanda, kalsiamu huingia upande wa chini na glutamati, kemikali inayobeba ujumbe, humwagwa kwenye neva.

Bahati mbaya, jentamaisini na amikasini, dawa za kuua bakteria, hupita mlango huohuo, zikaua kwanza seli za nje zilizo mwanzoni mwa koklea, penye sauti nyembamba. Furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, huidhoofisha stria, na ikichanganywa na dawa hizo hatari huongezeka. Kipimo cha kawaida cha usikivu huishia hezi 8,000, hivyo kinaweza kutoka safi ilhali uharibifu umeshaanza juu ya hapo. Anayetumia dawa hizi apimwe kabla ya kuanza, tena hadi hezi 16,000 kifaa kikiwepo, kwa sababu seli nywele ya koklea ikifa haioti nyingine.