Kufundisha Neno la Hekima Nairobi, saa ya chai

Nairobi hunywa chai saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ratiba yetu sisi wamisionari ilikuwa kutoka nyumbani yapata saa nne asubuhi, baada ya masomo, kwa hiyo nyumba ya kwanza tuliyobisha hodi mara nyingi ilikuwa na sufuria jikoni na harufu ya majani mpaka mlangoni. Na sisi hatunywi chai.

Nilitumikia kama dada mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi mtaani bado wanaliita kanisa la Wamormoni. Wasichana hutumikia miezi 18, wavulana miaka miwili. Nilitoka Dar es Salaam, nikapangiwa Nairobi, na muda wangu mwingi ulipita Eastlands: Umoja kwanza, kisha Kayole. Mwenzi wangu wa kwanza alitoka Zimbabwe na Kiswahili chake kilikuwa kichanga, hivyo mazungumzo ya mlangoni yaliniangukia mimi. Mwenzi ni mtu unayekaa naye kila saa. Mnaamka pamoja saa kumi na mbili na nusu, mnasali, mnafanya mazoezi kidogo, kila mmoja anasoma maandiko peke yake, halafu mnasoma pamoja na kupanga mtakachofundisha siku hiyo kwa kutumia mwongozo wa Hubiri Injili Yangu. Saa tatu usiku mko ndani. Jumatatu, siku ya maandalizi, mnafua, mnakwenda soko la Mutindwa, mnapiga simu nyumbani.

Kabla sijaenda nilidhani kazi ngumu itakuwa kueleza habari za Joseph Smith, nabii aliyeanzisha Kanisa letu. Haikuwa hivyo. Watu wa Nairobi wanasikiliza mambo ya dini kwa moyo mweupe. Wengi wanaijua Biblia vizuri, watakuuliza maswali, watabishana nawe kwa heshima, na mwisho watakuomba ufunge kwa sala. Ugumu ulikuwa kwenye kikombe. Neno la Hekima, yaani sheria yetu ya afya, hufundishwa baadaye, mtu akishasikia habari za Urejesho (kwamba Kanisa la Kristo lilirudishwa duniani kupitia Joseph Smith) na mpango wa wokovu. Chai nayo inaletwa dakika ya kumi ya ziara ya kwanza. Unalazimika kukataa leo kitu ambacho sababu yake utaifundisha wiki ya tatu, na unamkatalia mama aliyetuma mtoto dukani kwenda kukuchukulia maziwa.

Mimi nimekulia katika utamaduni huohuo. Kwetu pia mgeni hatoki mkavu. Mama yangu na mimi tulijiunga na Kanisa nikiwa shule ya msingi, na nakumbuka bibi yangu alivyoumia tulipoacha kunywa chai kwake; aliona tumemsusa. Kwa hiyo sikuweza kukubaliana na wale waliosema, "Wewe sema tu hapana asante, watazoea." Kwa mama wa Kayole, hapana asante ya mgeni ina maana kwamba nyumba yake haikumpendeza.

Nilianza kuomba kitu kabla sijapewa. Tukishakaribishwa na kusalimiana (shikamoo yangu ya Kitanzania iliwafurahisha wazee sana, wengine waliijibu wakicheka), nilisema mapema, kabla mtu hajainuka: "Mama, leo tutaomba kinywaji chako, lakini sisi majani ya chai hatutumii. Kama kuna uji, au maziwa ya moto, au hata maji ya moto na tangawizi, tutashukuru sana." Maji matupu sikuyaomba kamwe. Mwenye nyumba anaona aibu kumpa mgeni maji matupu, hata mgeni mwenyewe akiyataka. Uji ni heshima, na maziwa vilevile. Tangawizi kila mtu anaijua. Hoteli nyingi za Nairobi zinauza dawa, yaani maji moto yenye tangawizi, limao na asali, na mtu anayeagiza dawa hashangazi mtu. Nikaanza kutembea na kipande cha tangawizi kwenye mkoba. Nikikitoa na kuuliza, "Naweza kuingia jikoni nikusaidie?", mambo yalibadilika. Tulimenya viazi, tukachambua sukuma wiki, na somo letu zuri kuliko yote Umoja lilifundishwa tukiwa tumekaa kwenye vigoda tukipepeta maharage.

Swali lililofuata lilikuwa karibu lilelile kila nyumba: "Kwani nyinyi ni Wasabato?" Kenya ina Waadventista wengi, hasa watu wenye asili ya Kisii na Nyanza, na wengi wao hawanywi chai wala kahawa. Swali hilo lilinisaidia sana. Mtu tayari anamjua jirani au shemeji anayeishi bila chai na hajafa. Nilijibu kwamba sisi tunakutana Jumapili, lakini jambo hilo tunafanana.

Wakati wa kulifundisha somo lenyewe ulipofika, nililieleza jinsi lilivyokuja. Tarehe 27 Februari 1833, huko Kirtland, Ohio, Joseph Smith alipokea ufunuo ambao leo ni sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyetu vya maandiko. Wanaume waliokuwa wakikutana kusoma katika chumba cha juu ya duka walikuwa wakivuta na kutafuna tumbaku, na Emma, mke wa Joseph, ndiye aliyebaki kusafisha. Ufunuo unakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na unasifu nafaka, matunda na mboga. Vinywaji vya moto vilielezwa tangu zamani zile kuwa ni chai na kahawa, ndiyo maana uji wa moto na maziwa ya moto havina neno. Chai inayokatazwa ni ile ya mmea wa Camellia sinensis, iwe nyeusi au ya kijani, iwe moto au ya barafu. Mchaichai na rosela ni majani mengine kabisa.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba chai itamuua, maana siamini hivyo. Niliwaambia ni agano: tunaacha kitu kwa sababu Bwana ameomba, naye ameahidi baraka. Wako wamisionari waliopenda kuanza na habari za madhara, na nadhani hiyo si njia nzuri Kenya. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na leo hakuna nchi inayouza chai nyeusi nje kuliko hii. Ukiisema vibaya unamsema vibaya mjomba wa mtu aliyesomesha watoto kwa kuchuma majani Kericho.

Jambo lililonichukua muda kulielewa lilitoka kwa mama mmoja wa Kayole mwenye watoto wanne. Alikuwa amesali, amekubali kila kitu, anakuja kanisani na watoto wote. Tulipofika kwenye chai alinyamaza, kisha akauliza, "Na sasa watoto wataenda shule na nini kwa tumbo?" Usiku wao mwingi ulikuwa chai na mkate. Asubuhi chai na kiporo cha ugali. Ile chai ilikuwa ndiyo maziwa ya watoto, ndiyo sukari yao, ndicho chakula chao cha moto. Aliyeshiba anasikia kinywaji. Huyu mama alisikia kwamba tunataka kumwondolea mlo.

Tukarudi nyumbani tukakaa na karatasi, mimi na mwenzi wangu, tukapiga hesabu ya matumizi yake kama watu wa duka. Sukari anayo, maziwa anayo, moto anawasha. Kinachotoka ni majani peke yake. Basi kikombe kibaki vilevile, kibadilike ladha tu. Siku iliyofuata tulipika naye. Hapa kuna jambo la jikoni ambalo lazima nilitaje: tangawizi mbichi ikiingia kwenye maziwa kabla haijachemka, maziwa hukatika, na mama mwenye bajeti ya pakiti moja akikatikiwa na maziwa hatakusikiliza tena. Ponda tangawizi, ichemke vizuri kwenye maji kwanza, ongeza iliki ukiwa nayo, kisha ndipo umimine maziwa na sukari. Watoto walikunywa wakaomba tena. Kwa asubuhi tulishauriana uji wa wimbi, ambao unakaa tumboni mpaka saa ya chakula cha mchana. Baada ya hapo kila mara tulipofundisha Neno la Hekima tulifundisha na sufuria.

Kichwa nacho kinauma. Hili wengi hawakuambiwa mapema, wakadhani ni adhabu au ni shetani. Ni kafeini. Mtu aliyezoea vikombe vitano kwa siku akikata ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya siku moja au mbili, akawa mchovu na mwenye hasira, na kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya wiki moja hivi. Tuliwaambia kabla. Wengine tuliwashauri wapunguze majani kidogo kidogo, wanywe maji mengi, walale mapema. Na tuliwapitia siku hizo, hata kama ni kwa salamu za mlangoni. Mzee mmoja, fundi wa viatu, alikuwa anatusubiri nje ya kibanda chake atuonyeshe kwa vidole amefikisha siku ya ngapi. Kwake hatukuingia kamwe bila mama mwingine wa kata (ndivyo tunavyoita usharika wetu) kuwa nasi, kwa sababu utaratibu hauturuhusu sisi dada kufundisha mwanamume ndani peke yetu; kwa hiyo masomo yake mengi yalikuwa pale nje, nyundo ikigonga, wapita njia wakisimama kusikiliza.

Swali zito kuliko yote liliulizwa na mama mwenye kibanda karibu na stendi ya Masimba, anayeamka saa tisa usiku kupika chai na mandazi kwa watu wanaoelekea Industrial Area. Alisema, "Mimi naweza kuacha kunywa hata leo. Lakini hao watu wa mjengo nitawauzia nini? Kodi ya nyumba italipwa na nani?" Sikutaka kumjibu kwa haraka swali la riziki. Tulimfungulia maswali ambayo mtu huulizwa kabla ya ubatizo, tukayasoma pamoja. Yanauliza kama wewe mwenyewe uko tayari kuliishi Neno la Hekima. Nikamwambia: jibu hilo ndilo unalodaiwa, hayo ya biashara sali, zungumza na askofu, yaani kiongozi wa kata yetu, wala mtu asikuharakishe. Mpaka leo naamini kumwambia avunje kibanda chake kungekuwa ukatili, na hakuna aliyetutuma kufanya hivyo. Yeye mwenyewe akaamua kuongeza sufuria la pili, la uji. Chai iliendelea kuuzwa. Baada ya muda uji ukawa na wateja wake, hasa vijana wa mjengo, maana unashikilia tumbo kuliko chai na bei ni ileile.

Ilikuwa faraja kubwa kwangu kufundisha haya wakati hekalu la Nairobi likiwa mbele ya macho ya watu. Hekalu si kanisa la ibada ya Jumapili; ni nyumba ya maagano matakatifu. Lilitangazwa mwaka 2017, ujenzi ukazinduliwa Septemba 2021 kule Mountain View, na likawekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, la kwanza nchini Kenya. Kabla yake Mkenya aliyetaka kuingia hekaluni alihitaji pasipoti na nauli ya kwenda nchi nyingine. Wengi walikwenda Johannesburg. Kuliishi Neno la Hekima ni moja ya masharti ya kuingia, kwa hiyo nilipokaa na mume na mke wa Umoja waliokuwa wakihangaika na kahawa ya zamu za usiku, tulizungumza kuhusu kufunganishwa kama familia, yaani kuunganishwa hata baada ya kifo, na kwamba nyumba hiyo sasa wanaifikia kwa matatu. Yule baba alikuwa askari wa ulinzi, zamu yake inaanza saa kumi na mbili jioni. Mke wake alianza kumfungia thamosi ya dawa kali, tangawizi nyingi na limao. Wenzake zamuni wakaanza kuomba.

Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi ikishika, mama yangu alikuwa anauliza kwenye simu kila Jumatatu, "Mwanangu, unakunywa nini huko?" Nikamhesabia: uji wa wimbi, maziwa, mchaichai kutoka uani kwa muumini mmoja wa kata, na kakao siku ya maandalizi tukibahatika.

Wadada wanaoitwa Nairobi huniuliza nini cha kubeba. Bebeni sweta, viatu vya kutembea vyenye soli ngumu kwa ajili ya matope ya Kayole mwezi wa nne, na grater ndogo ya tangawizi. Na mkitaka uji wa Masimba, nendeni siku ya maandalizi kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo mtakuta sufuria limeoshwa.