Bibi hakujua kuzima rekodi

Kwenye simu yangu kuna sauti 43 za Bibi, na iliyo fupi kuliko zote ina dakika tisa. Si kwamba alikuwa na mengi ya kusema. Binamu yangu pale Bagamoyo alimfundisha kurekodi WhatsApp, akasahau kumfundisha kuzima. Basi Bibi alinisalimia, akauliza kama nimekula na kama baridi ya Leicester imepungua, halafu akaiacha simu mezani na kuendelea na shughuli zake mpaka apite mtu wa kuituma. Na shughuli yake ya jioni ilikuwa moja: rozari.

Ndiyo maana nimesali rozari nyingi huku Uingereza kuliko nilizosali nyumbani, tena ndani ya basi la kwenda zamu ya usiku, hedifoni masikioni. Bibi kila punje aliipa mtu wake. "Hii ya mama yako na presha yake. Hii ya yule kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Hii ya kwako, na hizo karatasi zako." Nyuma yake unasikia kuku, unasikia adhana ya magharibi, unasikia sufuria inafunikwa.

Alhamisi ilikuwa na historia yake. Papa Yohane Paulo II alipoongeza kwenye rozari matendo ya mwanga, yanayosaliwa Alhamisi, mwaka 2002, Bibi alisema yeye amezeeka na matendo kumi na matano, hayo mapya wasali vijana. Akagoma kama miaka miwili hivi. Kisha jioni moja tukamsikia kutoka chumbani: "Tendo la kwanza la mwanga: Yesu anabatizwa mtoni Yordani." Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kusema neno.

Msibani kila aliyeshika kipaza sauti alisema Bibi alikuwa mtakatifu. Nilicheka peke yangu, machozi yakinitoka. Mtakatifu gani huyo aliyewanunia wanakwaya wiki tatu kwa kubadilisha wimbo wa sadaka? WAWATA wenzake, wale wanawake Wakatoliki, walimjua: mchango wa mgonjwa ukipungua, atakuja mlangoni kwako mwenyewe, atakaa, atakunywa chai yako yote na hataondoka.

Niseme kidogo juu ya ndoa yake, maana hilo hawakulisema. Babu alikuwa fundi wa mashua, mikono yake ilinuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka mashua, hata siku ya sikukuu. Kanisani aliingia siku ya harusi na siku za kubatiza watoto, basi. Kila Jumamosi usiku Bibi alimwekea shati lililopigwa pasi miguuni pa kitanda, hasemi kitu. Asubuhi Babu alilivaa, akamsindikiza ile njia ya miembe ya misheni, akaketi chini ya mwembe hadi misa iishe, wakarudi pamoja. Miaka arobaini na ushee. Kila paroko mpya alimfuata pale chini kumkaribisha ndani, na Babu alikuwa na jibu moja: "Nimeshafika, Padre." Alipofariki, Bibi akaanza kuketi chini ya mwembe uleule kila baada ya misa. Ukimuuliza anasema anapumzisha magoti.

Misheni ile aliihesabu kuwa yake. Bibi yake mzaa mama alilelewa katika kijiji cha waliokombolewa utumwani, walichoanzisha mapadre wa Roho Mtakatifu baada ya kufika mwaka 1868. Wageni wakija na kamera wanauliza mnara wa Livingstone. Bibi aliwaonyesha vizuri tu, akawaeleza kwamba Februari 1874 maiti yake ililala pale kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wakishaondoka, anatugeukia: "Amelala usiku mmoja, tena maiti, wakampa mnara. Mimi nafagia hapa tangu ujana sijapewa hata benchi."

Alifariki Februari. Ombi langu la kuongezewa kibali lilikuwa bado mezani, na sheria ya huku inasema ukitoka nchini kabla hujajibiwa, umelifuta mwenyewe. Mama akasema, "Usije, mwanangu. Bibi yako angekuchapa." Maziko yalikuwa saa nane mchana, kwangu saa tano asubuhi, nimetoka zamu sijavua hata sare. Binamu alinishikia simu juu. Niliona sare za WAWATA, niliona kanga za majirani wa Kiislamu waliokuwa wamepika tangu alfajiri, nikasikia "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na jeneza lilipoanza kushuka mtandao ukakata. Uliporudi, watu walikuwa wanaweka mashada.

Sauti ya mwisho niliiweka siku tisa bila kuifungua. Ni ya Ijumaa, matendo ya uchungu. Tendo la tatu, Yesu anatiwa miiba kichwani. Nilihesabu kwa vidole: Salamu Maria ya saba kati ya kumi ikaishia katikati, maana hodi ilipigwa. Ni shoga yake wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akija kila Krismasi na mbuzi yake ya kukunia nazi, na Bibi akimpelekea tambi za futari kila Ramadhani. Wakaanza na bei ya dagaa, wakaenda kwenye goti la Bibi, wakaenda kwa mkwe wa mtu ambaye simtaji hapa. Rozari haikurudiwa. Zile tatu zilizobaki sijazisali bado; nikifika hapo namwachia aongee.

Dakika ya kumi na tisa shoga anasema, "Hebu tazama, simu yako inawaka taa."

"Iache," anasema Bibi. "Ni ya mjukuu wangu hiyo. Anatusikiliza."