Pikipiki yake niliigeuza dagaa

Mume wangu alirudi kutoka Kongo Oktoba 2019 na mimi nilikua sijamwambia kwamba pikipiki yake nimeshaiuza. Naanzia hapo makusudi maana watu wakisikia mwanajeshi karudi nyumbani wanawaza vigelegele tu, mimi siku zile tumbo lilikua linanikata na siyo kwa furaha peke yake.

Aliondoka Oktoba 2018 Ziwa Victoria likiwa bado na msiba, kivuko cha MV Nyerere kilikua kimezama pale Ukara tarehe 20 Septemba, watu zaidi ya 200 wameenda. Yani yeye ndo anaenda Beni, huko mashariki mwa Kongo kwenye vita, afu yeye ndo ananiusia mimi, "Mama Kulwa nakuomba, visiwani usiende, dagaa zako nunua hapahapa Mwaloni." Mi naogopa Beni, yeye anaogopa ziwa. Na Beni nilikua na sababu ya kuiogopa, Desemba 2017 kambi ya wenzao kule Semuliki ilivamiwa usiku, tukapoteza askari wetu wasiopungua 14, na yeye anaenda kwenye brigedi ileile ya UN, ile ya Tanzania na Afrika Kusini na Malawi iliyoundwa 2013. Akanituliza, akasema amepangiwa jikoni. Nikaamini, au tuseme niliamua kuamini, na mama mkwe nikamwambia hivyohivyo, "Mayu, mwanao kule anapika tu."

Sasa pikipiki. Ilikua imekaa uani imefunikwa turubai, kuku wanataga juu ya siti. Mi nauza dagaa soko la Kirumba Mwaloni hapa Mwanza na mtaji ulikua mdogo, unanunua ndoo mbili za dagaa wabichi unaanika, unauza, unakula faida, kesho unaanza tena palepale. Januari nikaiuza, shilingi milioni moja na laki mbili. Nikatengeneza chanja tatu zangu za kuanikia, nikaanza kujaza magunia, maana wateja wakubwa pale wengi wanatoka nje, Kongo wapo, Rwanda wapo, hawanunui sado wale, wananunua mzigo. Na visiwani nilienda, mara mbili, maana kule bei ya kununulia ipo chini. Simu ikiingia namwambia nipo Mwaloni.

Mmoja wao, mteja wangu wa Goma, mji wa hukohuko Kongo, ndo alikua redio yangu. Akija kuchukua mzigo namuuliza Beni kukoje, ananiambia leo kumetulia, wiki iliyopita barabara ilifungwa, hivyo hivyo. Ni yeye pia aliyenieleza habari za Ebola maana ilikua hukohuko Kivu ya Kaskazini tangu Agosti 2018, na Julai 2019 ikapatikana mpaka Goma kwenyewe, akaanza kuninunulia kwa simu, hasogei.

Hiyo Ebola ndo iliyoharibu mapokezi. Mume wangu hakutoka kule akaja nyumbani moja kwa moja, walikaa kwanza wakaangaliwa, zile siku 21 za kusubiri dalili zilikua zimeshapita na chenji juu. Lakini mtaa una masikio yake. Aliposhuka Buhongwa akachukua boda mpaka kwetu, majirani wakamsalimia kwa kupunga mkono, wa mlango wa pili akaingia ndani kabisa akamsalimia kupitia dirisha la nyavu, "Karibu shemeji, pole na safari!" Nilicheka baadae sana ila siku ile niliumia. Nikaenda chumba kwa chumba kuelezea kwamba mtu asiye na dalili haambukizi, na ugonjwa wenyewe unapita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa siyo kwa hewa. Wanaitikia "ndio ndio" huku wanavuta watoto wao.

Cha ajabu ndugu waliokua wanaogopa mkono wake hawakuogopa hela zake. Siku ya pili tu akaja mdogo wake na simu, kaisoma sehemu kwamba UN inalipa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi, kashazidisha mara kumi na mbili, kashageuza shilingi. Anasema, "Shemeji, kaka anaweza akaninunulia hata bajaji moja na asistuke." Nikamwambia shemeji yangu hiyo hela UN inailipa serikali ya nchi iliyotoa jeshi, haimwagwi kwenye mfuko wa mtu. Hakuniamini. Mpaka leo nadhani anaamini tumeificha.

Mama mkwe alitaka mbuzi achinjwe jumamosi ileile, ukoo wote uje kutoka Magu. Nikamwomba, "Mayu, tusubiri wiki tatu." Akauliza kwa nini, nikasema amechoka. Alikasirika, akasema mimi namficha mwanae, lakini nilikua nimeona kitu usiku wa kwanza ambacho yeye hakukiona.

Hakua analala. Kulwa na Doto walishahamia kitandani kwangu mwaka mzima, miaka minne hao, wakamkuta baba yao amekaa kitandani wakasimama mlangoni kama wamefumania mwizi. Doto akaenda kuleta simu akampa, "Mpigie baba." Maana baba kwake ni mtu wa kwenye simu, anayegandaganda bando likiisha. Mume wangu akaichukua ile simu akaishika tu. Akasema wasisumbuliwe, akatandika mkeka chini karibu na mlango, na hapo mlangoni ndo pakawa pake. Saa nane usiku yupo macho, saa tisa anazunguka uani, saa kumi kashapanga viatu vya watoto mstari mmoja, kashahamisha unga, sukari, mafuta, mi asubuhi sijui chumvi ipo wapi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Watoto anawaamrisha kama kuruta, "Simama vizuri!", Kulwa anajikojolea. Nikimwambia anasema samahani, kesho yuleyule. Siku ya nne mvua ikapiga, zile za Mwanza za radi na upepo kutoka ziwani, bati zinagonga, nageuka nakuta mkeka mtupu, yupo chini ya meza amelala kifudifudi. Nilijifanya nimelala. Sijui kama nilifanya vizuri ila sikutaka ajue nimemuona.

Nikawaza sasa huyu mtu usiku hana usingizi na mimi kazi yangu nusu ni ya usiku, kwa nini nimuache anazunguka uani peke yake. Ilikua giza, yani siku ambazo mwezi hautoki, ndo siku za dagaa hizo maana wavuvi wanawavuta kwa taa na mbalamwezi ikiwepo taa haina kazi. Saa kumi alfajiri nikamwambia, "Baba Kulwa, nisindikize mwaloni." Watoto nikamuachia mama mkwe ambaye alikua bado amenuna.

Tumefika mitumbwi inaingia, taa bado zinawaka huko majini mstari mrefu kama mtaa, watu wanapiga kelele za bei, dagaa wanamwagwa kwenye mabeseni wanameremeta. Alisimama muda mrefu bila kusema. Afu akaanza kubeba. Hakuambiwa na mtu, alichukua ndoo akabeba mpaka kwenye chanja, akarudi, akabeba tena, ndoo kama kumi na nne hivi, jasho linamtoka, na pale hakuna aliyemuogopa maana pale kila mtu ana mteja wake wa Kongo. Tulipomaliza kuanika jua linatoka nikajua hapa nikikaa kimya tena nitakua mwongo wa kudumu.

"Baba Kulwa, unaona hizi chanja tatu?"
"Naziona."
"Hii ndo pikipiki yako."

Akaniangalia, akaangalia chanja. Akaizunguka moja, akaitikisa nguzo kuona kama imekaza. Akauliza, "Inakula mafuta kiasi gani?" Nikacheka kwa kuishiwa nguvu, nikadhani imeisha, kumbe bado. Akauliza dagaa wa kwanza wa mtaji ule nilinunua wapi. Sikuweza kudanganya tena, nikamwambia visiwani. Mara ngapi? Mara mbili. Sura ikabadilika. Pikipiki alisamehe palepale ila ziwa hapana, hakuniongelesha kutwa nzima, alikula michembe yake kwa mama yake akanyamaza.

Jioni akaja kukaa kibarazani. Akasema, "Na mimi jikoni sikuwahi kuwepo." Nikauliza ulikua wapi. "Doria." Basi, hilo tu, mengine sikumuuliza na hajasema mpaka leo zaidi ya vipande vipande, mara atataja jina la mwenzake, mara atasema mvua ya kule. Sasa tukawa sare, waongo wawili kwenye kibaraza kimoja. Mama mkwe alikua ndani anasikia kila kitu, akatoka akasema, "Kwa hiyo mlikua mnanidanganya wote wawili," akaingia, kesho yake akaacha habari za mbuzi yeye mwenyewe. Mbuzi alikuja kuchinjwa Desemba, watu wachache.

Likizo iliyobaki tukawa tunaenda mwaloni kila alfajiri ya giza. Naye Doto akitaka kwenda anabebwa mabegani amefungwa kanga, anahesabu taa za ziwani anakosea kila ikifika kumi na mbili. Kuamrisha kulipungua, hakukuisha. Viatu bado anapanga, nimeacha, maana kusema ukweli asubuhi vinapatikana haraka.

Afu mbalamwezi ikaja. Wavuvi hawatoki, chanja tupu, hatuna pa kwenda usiku. Nilikua na wasiwasi atarudi kuzunguka uani. Mimi mwenyewe nikapitiwa, nikaamka jua lipo dirishani saa mbili na nusu, kitandani nipo peke yangu. Nikashuka haraka, nikawakuta kwenye mkeka pale mlangoni, yeye katikati mdomo wazi anakoroma, Kulwa mguu upo shingoni kwake. Gari la chekechea lilikua limeshapita. Kwenye simu nikakuta mteja wangu wa Goma kapiga mara saba, anauliza magunia yake.