Maji ya Linta

Fundi alichovya kidole ndani ya ndoo, akaonja, akatema pembeni. Kisha akanigeukia mimi, maana ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Mwanangu, waambie wageni maji haya ni ya kufulia. Kwenye linta yangu hayaingii."

Ilikuwa Februari 2012, Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa. Kaskazi ilikuwa imekausha kila kitu na jua la saa tatu lilikuwa tayari linachoma. Wageni walijipanga tangu alfajiri wakichota maji kwenye kisima kilichokuwa hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa nyumba waliyokuja kuijenga. Mapipa mawili yalishajaa. Walikuwa wamevuka kwa feri ya kwanza kwanza, pamoja na wachuuzi na wanafunzi, ili zege la linta, lile la juu ya milango na madirisha, lianze kumwagwa kabla ya jua kupanda. Sasa mzee mmoja mwembamba mwenye mwiko mkononi anawaambia wamwage kazi yote ya asubuhi.

Nieleze wageni hawa walikuwa kina nani. Walitoka Marekani: walimu, muuguzi mstaafu, wanafunzi wa chuo, mume na mke waliofanya kazi benki. Kila mmoja alijilipia nauli, akatumia likizo yake, na juu ya hapo akatoa mchango wa kununulia saruji na mabati. Mtindo huu umeenezwa sana na Habitat for Humanity, shirika lililoanzishwa na Millard na Linda Fuller mwaka 1976 huko Americus, Georgia, na ambalo rais wao wa zamani, Jimmy Carter, alianza kulishikia nyundo mwaka 1984. Kenya lilifika mwaka 1982. Kundi nililofanyia kazi lilikuwa dogo, la watu wengine, lakini kanuni ilikuwa ile ile: familia haipewi nyumba ikiwa imekaa kitako. Mwenye nyumba anatoa jasho lake pale pale, bega kwa bega na wageni.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imesimama kando ya hii mpya: fito, boriti za mikoko, udongo, makuti juu. Upande mmoja kiambaza kilikuwa kimemomonyoka kwa mvua za mwaka hata fito zikaonekana. Alipata nafasi hii kwa sababu marehemu mumewe alimwachia karatasi ya kiwanja. Jambo hili liliniuma wakati ule na linaniuma hadi leo. Majirani zake, wengine hali zao zikiwa mbaya kuliko yake, hawakuweza hata kuandikishwa, kwa kuwa hawakuwa na hati. Pwani yetu imejaa watu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo kwa makaratasi ni ya mtu mwingine. Mombasa hii mtu anaweza kumiliki nyumba, akairithisha wanawe, na bado kila mwezi akamlipa kodi ya ardhi mwenye shamba. Mfadhili anayetaka hati kabla ya kuleta tofali anajilinda, namwelewa. Lakini ajue kwamba kwa sharti hilo moja amewaacha nje wale wenye shida kubwa zaidi.

Turudi kisimani. Kiongozi wa kundi, mwalimu wa makamo, aliniomba nimuulize fundi tatizo ni nini hasa, kwani maji yalikuwa safi, yanang'aa. Fundi hakukasirika. Alishuka kwenye jukwaa la miti, akamshika mkono yule mama wa Kizungu kama anayemshika mkwewe, akampeleka hadi nyumba ya tatu kutoka pale. Juu ya dirisha la nyumba ile palikuwa na ufa mrefu, na ndani ya ufa chuma kilionekana, chekundu, kimevimba, kinabanduka magamba.

"Hii ilijengwa kwa maji ya kisima," akasema. "Chumvi inakula nondo. Mwaka wa kwanza huoni kitu, wa pili huoni kitu. Kutu ikishavimba ndani, zege linapasuka, vipande vinaanguka. Na chini ya dirisha ndipo watu wanapoweka kitanda. Mchanga wa baharini nao siutaki, sababu ni hiyo hiyo."

Nikatafsiri neno kwa neno. Yule mama alikiangalia kile chuma kwa muda, kisha akarudi kwa wenzake na kuwaambia wamwage maji chini.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Linta ni zege linalozunguka nyumba nzima, na fundi alitaka limwagwe lote siku moja. Ukilikatisha leo ukaendelea kesho, pale pa kuungia ndipo patakapokuja kupasuka. Mbao zilikuwa zimepigiliwa, nondo zimefungwa kwa waya, kokoto na mchanga vimelundikwa. Maji matamu hakuna. Mji wetu umezungukwa na bahari na maji ya kunywa unayaletewa kutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, visima vya Tiwi. Likoni mfereji ukikauka hukauka kwa siku kadhaa, na wiki ile ulikuwa umekauka. Watu walikuwa wakinunua maji ya mkokoteni, mtungi mmoja mmoja wa lita 20.

Muuza maji wa kwanza aliyepita alitaja bei mara mbili ya ile ya jana. Wageni walianza kutoa pochi. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipepeta mchanga, akaweka chekeche chini.

"Wewe! Maji haya unamuuzia nani? Si Wazungu wanaojenga hapa. Najenga mimi. Wanijua, nami namjua mamako."

Kijana akainamisha kichwa, akateremsha mitungi, akapokea bei ya jana. Lakini mkokoteni mmoja haukutosha, na wa pili ungekuja baada ya adhuhuri. Mama akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya kwa majirani, akibisha hodi mlango kwa mlango. Nilimfuata kwa kuwa kiongozi aliniomba nikaone. Kila alipofika alisema maneno yale yale: "Jirani, leo nakandika."

Nyumba ilikuwa ya mawe, lakini kila mtu alielewa. Siku ya kukandika, tangu zamani, mtaa mzima huja: wengine huchimba udongo, wengine huchota maji, wengine huukanyaga kwa miguu, na wanawake na wanaume huupiga kiambazani hadi nyumba imekamilika, na mwenye nyumba huwapikia. Mweria, Wadigo wa pale husema. Hakuna anayelipwa na hakuna anayesahau ni nani alikuja kwake.

Wakaja. Wanawake na mitungi kichwani, watoto wa shule wakibeba mtungi mmoja kwa wawili, mzee mmoja kwa baiskeli akiwa ameifunga mitungi kila upande. Nilijua yale ni maji gani. Ni maji ya kupikia chakula cha usiku, yaliyonunuliwa jana kwa pesa za jana. Walimimina mmoja mmoja ndani ya pipa, wakabaki.

Wakati huo vijana wawili wa mtaani walikuwa wamesimama kando tangu asubuhi. Walikuwa vibarua, kazi yao kuchanganya zege na kubeba mawe kwa ujira wa siku. Mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Dada, hawa wakija kufanya bure, sisi tutakula wapi?" Nikamtafsiria kiongozi swali hilo kama lilivyo, bila kulipunguza makali, maana lilikuwa swali la haki. Akanyamaza. Fundi ndiye aliyejibu kutoka juu ya jukwaa: kuchanganya zege kunataka mgongo uliozoea, na yeye aliwahitaji wale wawili kuliko alivyomhitaji mtu mwingine yeyote pale. Wakalipwa siku ile kutoka kwenye fedha za kundi, na siku zilizofuata pia.

Basi fundi akagawa kazi. Vijana wakashika sepetu: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, wakigeuza kavu kwanza hadi rangi ikawa moja, ndipo maji. Wageni na majirani wakapangwa mstari mmoja kutoka kwenye lundo hadi ngazini. Muuguzi mstaafu alikuwa kati ya mama mwenye nyumba na binti yake. Karai inakwenda imejaa, inarudi tupu kwa mstari wa watoto. Juu, fundi na msaidizi wake walimwaga na kushindilia kwa kipande cha nondo ili pasibaki mapovu. Mikono mingi isiyo na ujuzi ndiyo hasa iliyotakiwa kwa kazi hii, kwa sababu zege halisubiri. Siku nyingine nilikuwa nimewaona wageni wale wale wakihangaika na timazi na pimamaji, na fundi akiwasubiri kwa subira, na moyoni nilijua anapoteza siku. Siku ya linta hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ziada.

Adhana ya alasiri ilitukuta kwenye kona ya mwisho. Walioswali wakaenda, waliobaki wakamalizia. Kisha wali wa nazi, maharagwe, samaki wa kukaanga, sinia kwa sinia, wageni na vibarua na majirani wakila kwa mikono kwenye mkeka mmoja.

Jioni, kiongozi alinivuta kando. Alitaka kuwalipa majirani maji yao. Nikamuuliza mama. Akafikiri, akasema hapana: "Mwambie hilo deni ni langu. Wakijenga wao, nitakwenda na mtungi wangu. Akitaka kusaidia, linta hii inataka kunyweshwa asubuhi na jioni siku saba, na wao wanaondoka Jumamosi." Kundi likaacha pesa za mikokoteni ya maji, na binti yake ndiye aliyepanda ngazi kunyweshea. Mabati yaliezekwa wageni wakiwa wameshafika kwao.

Mwaka uliofuata kiongozi yule aliniandikia. Walikuwa wanajiandaa kurudi kwa familia nyingine, huko huko Likoni, na alitaka kujua waje lini na walete vifaa gani. Nilikwenda kumuuliza fundi kabla ya kujibu. Vifaa anavyo, alisema. Nikamwandikia kiongozi yule kwamba watangulize pesa za tangi la maji na ujira wa vibarua, kisha waje wiki ya linta.