Puli ya krenki kwenye Golf ya dizeli: bolti ya katikati iache ilivyo

Ukiwa Ujerumani na Golf 4 ya dizeli, ile 1.9 TDI ya farasi 90 yenye injini ya ALH, kodi yake ni takriban euro 293 kwa mwaka, litembee lisitembee. Gari hizi zilitoka kati ya 1997 na 2003. Maana yake raba iliyomo ndani ya puli ya krenki imeshapita miaka 20, isipokuwa kama kuna mtu aliwahi kuibadilisha.

Puli hiyo si chuma kimoja. Kuna kitovu kinachofungwa kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kuna ringi ya nje inayovuta belti ya nje, ile ya altaneta na pampu ya usukani, na kati yao raba ya kumeza mtetemo. Raba ikikauka, au oili seal ya krenki (raba ya kuzuia oili isitoke) ikivuja na kuilowesha, ringi inaanza kuteleza juu ya kitovu. Dalili ya kwanza ni mlio unaofanana na wa belti iliyolegea, na ndiyo maana wengi wananunua belti mpya na kelele inabaki palepale. Baadaye taa ya betri inawaka na usukani unakuwa mzito. Injini haichemki kwa sababu hiyo, kwani pampu ya maji ya ALH inazungushwa na taiming belti, yaani belti ya ndani inayolinganisha krenki na valvu. Kwenye Golf 3 TDI pampu ya maji iko upande wa belti ya nje, kwa hiyo huko usisubiri hata dakika.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, chora mstari mmoja wa rangi kuanzia kitovu mpaka ringi ya nje. Endesha siku moja, kisha tazama. Mstari ukikatika na vipande viwili visitazamane, puli imekufa.

Dukani hawataki jina la gari tu. Toa Fahrzeugschein (kadi ya usajili wa gari), wasomee namba za kisanduku 2.1 na 2.2, halafu omba “Riemenscheibe Kurbelwelle” pamoja na bolti nne mpya, na “Keilrippenriemen”, yaani belti. Useme kama gari lina AC, maana urefu wa belti unategemea hilo. Kama kwako hakuna pa kufanyia kazi, tafuta Mietwerkstatt: unakodi lifti na vifaa kwa saa. Saa mbili zinatosha, bolti zisipokugomea.

Toa tairi la mbele kulia na kava la chini. Shika tenshena, kile kinachokaza belti, kwa spana namba 16, izungushe kuelekea saa inavyokwenda, vua belti. Piga picha ya njia ya belti kabla hujaivua.

Sasa hapa ndipo aliyejifunzia kwenye Toyota za nyumbani anapokosea. Kule puli inashikwa na bolti moja kubwa ya katikati, basi mkono unaikimbilia. Kwenye Golf hii bolti hiyo inashika gia ya taiming belti, nayo imebanwa Nm 120 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) na kuongezwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Ukiilegeza umejitafutia kazi nyingine kabisa. Puli inashikwa na bolti nne ndogo za M8 zinazoizunguka, zinazofunguliwa kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) ya 6. Na wala usishikilie krenki kwa kutumia ile ya katikati wakati unafungua hizo ndogo. Weka gia ya tano, mwenzako akanyage breki.

Matundu ya elenki hujaa uchafu mgumu. Yachokonoe mpaka chini kwa msumari, puliza, kisha gonga elenki kwa nyundo ndogo mpaka ikae chini kabisa. Ukivuta ikiwa imeingia nusu, kichwa kinaliwa. Kikishaliwa, gonga biti ya Torx (ya umbo la nyota) iliyo kubwa kidogo iingie kwa nguvu, ufungue nayo.

Puli ikitoka usiharakishe kufunga mpya. Fungua kava la taiming na uangalie kama vipande vya belti ya nje iliyochanika vimejipenyeza ndani. Vikiwemo, usiwashe gari: taiming belti ikiruka meno, valvu zinagonga pistoni. Kama kuna oili, badilisha seal kwanza, la sivyo puli mpya nayo italowa.

Pima pia puli ya altaneta. Ina klachi ndani: upande mmoja inazunguka yenyewe, upande wa pili inabeba rota, sehemu ya altaneta inayozunguka. Ikishika pande zote mbili imekwama, na mshtuko wake ndio unaoua tenshena na raba ya puli ya krenki. Dukani wanaiita “Freilauf”. Inahitaji kifaa chake maalumu, na inabanwa Nm 80.

Kufunga: matundu manne ya puli hayakupangwa sawasawa, kwa hiyo izungushe mpaka yote yalingane. Isipokaa usiilazimishe. Bolti mpya, Nm 10 kwa mtindo wa msalaba, kisha nyuzi 90 kila moja. Watu wakisikia Nm 10 wanaona ni kidogo, wanaongeza za kwao, bolti inakatikia ndani. Zile nyuzi 90 ndizo zinazokaza. Kisha chora mstari mpya wa rangi kama ule wa kupimia.

Tairi linabanwa Nm 120. Baada ya kilomita 50 hivi libane tena, na ukiwa umeinama hapo tazama mstari mpya wa rangi uliouchora kwenye puli.