Macho Hayana Pazia: Pikapu ya Chuma Iliyokosa Wanunuzi

Usiku wa tarehe 21 Novemba 2019, mjini Hawthorne, California, mbunifu mkuu wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, Franz von Holzhausen, alishika mpira wa chuma na kuurusha kwenye dirisha la Cybertruck, pikapu ya umeme ambayo mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alikuwa ametoka kuisifia uimara wa vioo vyake. Kioo kikapasuka. Akajaribu dirisha la nyuma, nalo likapasuka vilevile, na hotuba iliyobaki ikatolewa mbele ya gari lenye vioo viwili vilivyojaa nyufa. Nimeitazama video hiyo mara nyingi, na wala si vioo vilivyonishika. Kilichonishika ni bei: dola 39,900 kwa toleo la chini, na kwa toleo la juu, dola 69,900 pamoja na ahadi ya kwenda zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800, kwa chaji moja. Nilijiambia kwamba ikiwa Cybertruck itauzwa kwa bei hiyo, pembe zake na ubapa wake havitamzuia mtu kuinunua.

Kuweka nafasi kwenye foleni kulihitaji dola 100 tu, tena zinazorudishwa. Baada ya siku chache Musk alitangaza kwamba oda zimepita 200,000, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa ikitajwa idadi inayozidi milioni moja, huku yeye akizungumzia kuunda magari 250,000 kwa mwaka. Hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza, nalo lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la ubunifu. Arubuni ya kweli huuma kidogo mfukoni, na anayeitoa huwa amekwisha kuamua kununua. Dola 100 zinazorudishwa, kwa gari ambalo bado halijaundwa, zilikuwa kiingilio cha mtazamaji. Macho hayana pazia, na gari lile lilistahili kutazamwa.

Magari ya kwanza yalikabidhiwa kwa wenyewe huko Austin, Texas, tarehe 30 Novemba 2023, miaka minne baada ya uzinduzi. Toleo la mota mbili, lililotangazwa mwanzoni kwa dola 49,900, sasa lilikuwa dola 79,990. Toleo la juu lilifika dola 99,990, na yale masafa ya maili 500 yalikuwa yamepungua hadi maili 320. Waliotaka kuwa wa kwanza waliongezewa dola 20,000 kwa ajili ya toleo maalumu la mwanzo. Ni kweli kwamba gharama zilipanda kila mahali katika miaka hiyo, lakini aliyekuwa amepanga fedha zake kwa kufuata bei za 2019 hakuletewa kitu alichokiagiza. Ninaamini kwamba foleni ilivunjika hapo, na iliyobaki ilikuwa orodha ya majina tu.

Tesla haitangazi mauzo ya gari hili peke yake, bali huyachanganya na ya magari mengine. Kwa hiyo tulioifuatilia habari hii tulizipata namba kwa njia ya ajabu: kila kasoro ya usalama ilipoyalazimu magari kurudishwa kurekebishwa, idadi yake iliandikwa katika nyaraka za serikali ya Marekani. Aprili 2024 yalikuwa 3,878, kwa sababu kifuniko cha pedali ya mafuta (naiita hivyo kwa mazoea, ingawa mafuta hayamo) kiliweza kuchomoka, kikanasa na kuliacha gari likienda kasi. Machi 2025 yalikuwa 46,096, yaani takriban yote yaliyokuwa yameundwa hadi mwisho wa Februari, na safari hii kisa kilikuwa ukanda wa chuma ulio kando ya kioo cha mbele, ambao ulishikizwa kwa gundi na ungeweza kubanduka gari likiwa njiani. Hebu ziweke namba mbili pamoja: zaidi ya milioni moja waliotoa dola 100, na wasiofika 50,000 waliokuwa wamechukua gari kufikia Machi hiyo. Makadirio ya mauzo ndani ya Marekani ni karibu 39,000 kwa mwaka 2024, na kama nusu ya hapo kwa mwaka 2025.

Wengi husema sababu ni sura. Mimi nasema sura ina hatia, ila si kwa sababu ni mbaya machoni. Chuma kile kisichoshika kutu ni kigumu mno kukandamizwa katika mashine kama bati la kawaida, na ndiyo maana kuta zake ni bapa na mikunjo yake imenyooka kama ya karatasi. Kwa hiyo umbo lilifuata chuma, na ugumu wa kukiunda ukaongeza kazi kiwandani. Sasa simama ubavuni mwa gari hilo ukitaka kuchukua sanduku la vifaa lililo ndani ya bodi, nyuma tu ya viti. Katika pikapu ya kawaida unanyoosha mkono juu ya ukingo na kulichukua. Katika hii, ukingo unapanda kwa mshazari kuelekea paa, na mahali unapotaka kuingiza mkono pamezibwa na ukuta wa chuma, hivyo inakubidi uzunguke nyuma, ushushe mlango na upande ndani. Fundi anayelirudia jambo hilo mara ishirini kwa siku hahitaji kuambiwa na mtu yeyote kama gari linamfaa.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuibebesha Cybertruck peke yake mzigo huu. Ford iliunda pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, kwa sura ileile ambayo Wamarekani wameizoea kwa miongo mingi, na bado Desemba 2025 ilitangaza kusitisha toleo hilo la umeme tupu. Tatizo la pamoja ni tela: pikapu ya umeme ikikokota tela kubwa, masafa yake huweza kupungua kwa nusu, na safari ndefu hugeuka kuwa ya kutafuta chaja. Tesla iliahidi betri ya ziada ya dola 16,000, ambayo ingekula karibu theluthi ya bodi lenyewe, kisha mwaka 2025 ikaifuta na kuwarudishia watu fedha zao.

Siasa nazo zilichangia. Mwaka huohuo hasira dhidi ya Musk, aliyekuwa amejiunga na serikali ya Rais Trump, ziliwageukia wenye magari, na gari lisilofanana na jingine lolote barabarani halina pa kujificha.

Kwa miaka mingi Tesla iliishi kwa kauli ya wahenga kwamba kizuri chajiuza, bila matangazo na bila kubembeleza mnunuzi. Kwa pikapu hii ilibidi ipunguze bei za magari yaliyorundikana, kisha Aprili 2025 ikaleta toleo la mota moja kwa dola 69,990. Nililisubiri hilo kwa hamu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu zaidi na ahadi ya awali. Nilipoisoma orodha ya vilivyoondolewa nilisikitika sana: kifuniko cha bodi kinachojiendesha hakikuwamo, springi za hewa hazikuwamo, na viti vilikuwa vya kitambaa, ilhali bei ilipungua dola 10,000 tu chini ya toleo la mota mbili. Kufikia Septemba mwaka huohuo toleo hilo lilikuwa limeondolewa sokoni.